Mwaka wa Nyongo ya Mama Mutua

Mwende alinipigia simu nikiwa darasani, na mimi simu ya darasani huwa sipokei, wanafunzi wangu wanalijua hilo kwa sababu simu zao nimewanyang'anya mara nyingi. Lakini Mwende hana kawaida ya kupiga mchana. Nikatoka, nikasimama kwenye veranda ya chuo, hapa mjini Wote, jua limekaza, akaniambia, "Mama ametuacha, dada. Asubuhi hii. Amekunywa uji, akasema anajinyoosha kidogo." Sikuuliza mama yupi. Mimi na Mwende tuna mama mmoja wa kugawana, ingawa hakuna kati yetu aliyezaliwa naye, na jinsi tulivyompata ndiyo habari ninayotaka kuieleza hapa. Niliporudi darasani nilikuta mchoro wangu bado uko ubaoni: ini, kifuko cha nyongo chini yake, na mshale wa kuonyesha nyongo inapopita kwenda utumboni. Ni somo ninalolifundisha kila mwaka, kwamba nyongo ikizibiwa njia, ini halishughulikii dawa kama kawaida. Kila mwaka nasema, "Kulikuwa na mama mmoja upande wa Kwa Vonza," na kila mwaka kuna kijana kule nyuma anapiga miayo. Siku hiyo nilifika kwa yule mama mmoja, nikaweka chaki chini. Nikawaambia wajisomee wenyewe, nikaenda nyumbani kutafuta leso nyeusi.

Nilikuwa msichana bado, mwembamba, mwenye kujua mambo mengi kuliko watu wote, wakati chuo kiliponituma nikae mwaka mzima nikijifunza kazi ya kutoa dawa kwenye kituo cha afya karibu na soko la Kwa Vonza. Nilipangiwa chumba kwa Mama Mutua, mjane aliyefanya biashara ya ndengu. Chumba chenyewe kilikuwa upande wa pili wa stoo yake, kukiwa na mabati tu katikati, kwa hiyo nililala na harufu ya magunia na nikaamka na vumbi la ndengu kwenye kope. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa alivyovishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, kalenda ya kanisa, redio iliyovaa kitambaa chake kama mtoto wa ubatizo, na meza fupi iliyobeba vikombe vya bati vya bluu vilivyofunikwa kwa chandarua. Wiki ya kwanza nililalamika kwamba chumba ni kidogo. Akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akasema, "Na wewe ni mkubwa wapi?" Tangu hapo nilimpenda.

Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kwaya. Sauti yake ilikuwa nene, ya kutoka chini kabisa, na Jumapili akiianza hata watoto wa nje ya dirisha walinyamaza. Baada ya ibada nyumba yake ilijaa watu. Tulipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, na siku ambazo biashara imekwenda vizuri, chapati na supu ya mbuzi. Mgeni asiyekosa alikuwa Mzee Nzioka, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti moja la kahawia mvua na jua. Yeye alikunywa chai katika nyumba zote za Kwa Vonza na katika nyumba zote aliisema kwamba imekosa sukari. Ungemwekea vijiko vitano angeonja, akatikisa kichwa, akasema, "Hii chai yenu haina sukari," halafu akamaliza kikombe. Mama Mutua alimtania sana. Siku moja, kwa vile yeye ndiye aliyekwenda Zombe kununua ndengu za wakulima, akamwambia, "Mzee, nikienda Zombe nitapita kwa shangazi ya binti yako Mwende nimsalimie huyo msichana. Ni miaka hatujamwona." Mzee Nzioka akaweka kikombe chini haraka. "Usijisumbue, Mama Mutua. Yuko sawa. Anasaidia shamba." Mazungumzo yakageukia mvua.

Siri ya Mama Mutua aliniambia mwenyewe, mwezi wangu wa pili pale, tukiwa jikoni tunachambua mboga. Alinyanyuka, akatoa kopo la kakao kutoka ndani ya pipa la unga, akalifungua. Lilikuwa na vidonge vyeupe. "Wewe ni mtu wa dawa," alisema, "siku moja ungeona tu, halafu uanze kuuliza uliza mbele ya watu." Vilikuwa vidonge vya kifafa. Alianza kuanguka akiwa msichana, akaolewa akiwa tayari anameza, na ukiacha wazazi wake, marehemu mume wake ndiye pekee aliyejua. Hata wanawe walioko Mombasa hakuwa amewaambia. Dawa alizichukua Kitui mjini, mbali na dirisha letu la dawa kituoni, ili asikutane na mtu wa kanisa kwenye foleni. Hakuwa ameanguka kwa miaka mingi sana. "Huku kwetu," aliniambia, "mtu wa kifafa anatengewa kikombe. Anatengewa sahani. Wanasema lile povu likikugusa umeupata. Nitaongozaje kwaya na kikombe changu peke yangu?" Nikamwahidi kunyamaza, na ahadi hiyo ilikuja kuniuma kuliko nilivyodhani.

Kuyumba kulianza katikati ya mwaka. Kwanza aliguna tu baada ya kula chapati, akishika mbavu za kulia, akasema ni gesi. Halafu akaanza kutembea kama mtu aliye kwenye lori. Alipita mlangoni akagonga fremu, akacheka. Ulimi wake ukawa mzito. Akitaja majina ya watu aliyavuta. Jumapili moja alisimama kuanzisha wimbo, akaanza ubeti wa tatu badala ya wa kwanza, kisha akashika bega la jirani yake asianguke. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Niliona akina mama wawili wa kwaya wakitazamana, na nikajua mtazamo ule maana yake nini. Wiki hiyo hiyo, nikiwa chumbani kwangu, nikawasikia wateja wake wakiongea kwenye stoo, upande wa pili wa mabati, wakidhani hakuna mtu. "Ameanza kuonja," mmoja alisema. "Kuonja nini?" "Kwani wewe hujui? Kaluvu. Si unaona macho? Si unaona anavyotembea? Na zile safari za Zombe, unafikiri ni ndengu tu?" Kaluvu ni pombe yetu ya kienyeji, na kwa kanisa lile hata kukaa karibu na mtungi wake ilikuwa kesi. Nilitaka kupiga yale mabati ngumi. Nilikaa kitandani, nikala kucha.

Wazee wa kanisa walikuja siku ya kazi, mchana, Mzee Nzioka akiwa mbele. Walikunywa chai, kwa sababu kwetu huwezi kumhukumu mtu kabla ya kunywa chai yake. Mzee Nzioka akasema imekosa sukari, lakini safari hii bila furaha yoyote. Kisha akasema, polepole, kwamba watu wanaongea, kwamba yeye hamhukumu mtu, ila ingekuwa vizuri Mama Mutua apumzike kwaya na apumzike ule uenyekiti mpaka mambo yatulie. "Kama kuna jambo," alisema, "tuambie, Mama Mutua. Sisi ni ndugu zako." Mimi nilikuwa nimesimama na birika mlangoni. Nilimwangalia Mama Mutua kwa macho ya kumsihi. Yeye alinyoosha kitambaa cha kiti kwa kidole, akanyoosha tena, akasema, "Hakuna jambo, Mzee. Nitapumzika." Walipoondoka nilimvamia. "Mbona huwaambii ni mgonjwa? Mbona unakubali uitwe mlevi?" Akasema, "Nikiwaambia ninameza dawa, watauliza dawa ya nini. Katunge, mlevi akitubu anarudishiwa kiti chake. Mtu wa kifafa anatubu nini?"

Nakumbuka sana lile juma lililofuata kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Jumapili hatukupika chapati. Tulitoa ndengu nje, tukaketi juani tukizipepeta na kutoa mawe, na yeye kila baada ya muda kidogo aliweka ungo chini, akajikuna viganja kwa gunzi la mahindi. Alikuna viganja, akavua viatu, akakuna nyayo. "Hii mikono inaniwasha mpaka nataka kulia," alisema, halafu, kwa vile alikuwa Mama Mutua, akaongeza, "Pesa zinakuja, lakini nafikiri zinakuja kwa miguu." Nikacheka. Nikamtazama usoni nikicheka, na jua lilikuwa limempiga sawasawa, nikaona weupe wa macho yake umekuwa manjano. Kicheko kikakatika. Nikamuuliza kuhusu choo, akanikemea, nikamuuliza tena. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, na choo kikubwa kimepauka. Nikainua kidole changu mbele yake, nikamwambia akifuate kwa macho bila kugeuza shingo. Macho yalifuata yakirukaruka, yakikwama na kuruka, upande huu na ule. Hayo nilikuwa nimeyasoma kitabuni: ni macho ya mtu ambaye dawa ya kifafa imemjaa mwilini kupita kiasi. Lakini alikuwa anameza kiasi kile kile alichokimeza miaka yote. Nikamwambia, "Mama, niruhusu nimwambie Daktari Kimeu. Yeye peke yake." Alipepeta ndengu muda mrefu. Kisha akasema, "Peke yake."

Daktari Kimeu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo chetu, mtu mnene, mpole, aliyependa kufundisha kuliko kula, na kula alipenda. Alimpima Mama Mutua mlango umefungwa, akamminya chini ya mbavu za kulia, Mama Mutua akatoa mlio. Kisha akatuketisha wote wawili, akaanza kueleza kama kawaida yake, kwa mikono. "Unajua kile kinu cha posho hapa sokoni," alisema. "Mahindi yanaingia juu, unga unatoka chini. Sasa mtu azibe pale unga unapotokea. Kinu kitafanya nini? Kitajaa unga, kitalemewa, na mahindi yatabaki yamerundikana juu bila kusagwa. Ini lako ndilo kinu. Nyongo inatakiwa itoke, kuna jiwe limeziba. Nyongo imerudi nyuma imelijaza ini, na ini limeshindwa kusaga vidonge vyako. Unameza cha leo, cha jana bado kipo, cha juzi bado kipo. Hata mimi ningeyumba." Mama Mutua alikaa na mikono mapajani. Akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo si wazimu? Si pombe, si wazimu?" Daktari Kimeu akasema ni jiwe tu. Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza, bila sauti, akifuta kwa pembe ya leso kana kwamba ni jasho.

Kinu cha Daktari Kimeu ninakitumia darasani hadi leo, ingawa sasa tunajua zaidi. Sasa tunajua kwamba asidi za nyongo si kama maji machafu yaliyokosa mfereji tu. Zikijaa kwenye ini zinazungumza nalo. Zinaingia ndani ya chembe zake na kuamrisha: vimeng'enya hivi, yaani vile vinavyovunjavunja dawa, vipunguzwe, na vingine, ajabu, viongezwe ili visaidie kuziondoa zile asidi zenyewe. Ndiyo maana dawa moja inaweza kumlemea mgonjwa wa nyongo na nyingine isimlemee, na ndiyo maana nawagombeza wanafunzi wasipoangalia macho ya mgonjwa kabla ya kuangalia cheti cha dawa. Halafu kuna lile ambalo Daktari Kimeu alinikaririsha mpaka nikachoka: njia ikifunguka, ini linarudi kazini, na kiasi cha dawa kilichokuwa kimepunguzwa hakitoshi tena. Usipokuwa macho, kifafa nacho kinarudi. Kwa hiyo Mama Mutua alipopelekwa hospitali kubwa akatolewa mawe, na akarudi amekonda, macho meupe, mimi ndiye niliyekuwa nikimwangalia kama kuku anayeangalia yai. Daktari Kimeu alipandisha dawa pole pole, nami nilimhesabia vidonge kila asubuhi, akaninung'unikia kwamba nimekuwa mama mkwe.

Kuyumba kuliisha, ulimi ukawa mwepesi. Habari za operesheni zilienea sokoni kabla hata mshono haujapona, na akina mama wa kwaya wakaleta kuku, uji na aibu kidogo. Ikawa yote ni nyongo. "Nyongo ni mbaya," kila mtu alisema, kwa sababu kwetu nyongo kila mtu anaijua, haina haya, hata mchungaji anaugua nyongo. Mzee Nzioka akaja mwenyewe. Alikuwa na uso wa mtu aliyefurahi kweli kweli. "Jumapili nitatangaza mbele ya kanisa," alisema. "Nitasema tulikukosea, kumbe ilikuwa nyongo. Utarudi kwenye kiti chako na kwaya yako, na hayo mengine yameisha." Mama Mutua akamshukuru. Mimi nilishangilia moyoni. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi na kopo la kakao lingebaki kwenye pipa la unga mpaka mwisho wa dunia. Alipoondoka Mzee nikaanza kuimba nikiosha vikombe. Baadaye Mama Mutua akasema, "Yule daktari mdogo aliyenishona aliniuliza mbele ya wagonjwa wote, mama, una kifafa tangu lini? Nikamjibu. Hakuna aliyehama kitanda." Nikasema hapa si hospitali. Akasema, "Najua hapa ni wapi, Katunge. Nimezaliwa hapa."

Jumapili Mzee Nzioka alitangaza vizuri sana, watu wakapiga makofi, na Mama Mutua akaitwa mbele aseme neno la shukrani. Alivaa sweta ya maruni. Alishukuru kwa kuku, akashukuru kwa maombi. Kisha akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mzee amesema ilikuwa nyongo, na ni kweli. Lakini nyongo peke yake haimfanyi mtu ayumbe vile. Niliyumba kwa sababu nilikuwa na dawa nyingi mwilini, na hiyo dawa ni ya kifafa. Nina kifafa tangu nikiwa msichana. Nimekunywa chai na ninyi nyote, mmekula chapati za mikono yangu, na hakuna aliyeanguka. Basi ni hilo tu." Akarudi kuketi. Hakuna aliyepiga makofi wala kusema amina. Nilisikia mtoto akiuliza kitu na mama yake akimziba mdomo. Yule jirani yake wa kwaya, ambaye Mama Mutua alimshika bega siku ile, alisogeza mkoba wake, kisha akajisogeza naye, kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja.

Baada ya ibada tulipika. Yeye ndiye aliyesema tupike, chapati na yote. Watu wachache walikuja, wale walioona haya kutokuja, wakasimama uani. Nilizungusha chai. Huyu alisema amefunga, huyu alisema tumbo, huyu alipokea kikombe akakishikilia mpaka kikapoa, akakiweka chini ya kiti kikiwa kimejaa. Mzee Nzioka hakuja kabisa. Jioni nilikusanya vikombe vilivyojaa chai baridi nikavimwaga nyuma ya choo, na nililia, nasema wazi, nilililia kanisa zima nikiwa na birika mkononi. Mama Mutua alikula chapati mbili. Akasema alikuwa amezikosa.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Wateja wa ndengu walipungua, na waliokuja walipokea chenji kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa nimeanza kusema moyoni kwamba heri angenyamaza tu. Halafu alasiri moja, tukiwa sebuleni, mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Nzioka na koti lake, amejaa vumbi jekundu la barabara ya Zombe mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake alisimama msichana wa rika langu, kichwa kimeinama, mkono mmoja una kovu la moto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, la mtu aliyewahi kuangukia jiko. Mzee hakuketi. Alisema, "Mama Mutua, ulitaka kumsalimia Mwende. Nimemleta." Mama Mutua alimtazama yule msichana, akatazama lile kovu, akaelewa kwa nini alikuwa amefichwa Zombe miaka yote. Hakuuliza. Akaniambia, "Katunge, mimina chai," nami nikamimina kikombe kimoja tu.

Mama Mutua akakipokea yeye, akanywa kidogo, akamnyooshea Mwende. Mwende akarudi nyuma hatua. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina kikombe changu, mama. Kiko kwenye mfuko." Alikuwa amekibeba kutoka Zombe, kimefungwa kwa kitambaa. Mama Mutua akamwambia, "Kiache huko. Hapa hatuna kikombe cha mtu." Basi Mwende akakishika kwa mikono miwili, akanywa, kisha akakaa nacho bila kujua amrudishie nani. Mama Mutua akamwonyesha kwa kidevu: baba yako. Mzee Nzioka alikitazama kile kikombe. Alikitazama mpaka nikaogopa kwamba atageuka aondoke. Kisha akanyoosha mkono, akakipokea kutoka kwa binti yake, akanywa, hakukipumzisha mpaka kikaisha. Akafuta masharubu. Machozi yalikuwa yanamtelemka na kuchora mistari kwenye vumbi, na akanirudishia mimi kikombe, akasema, "Hii chai yenu haina sukari."